Sufuria ya Nyuzi Sita

Jumatatu, 3 Juni

Jokofu la chanjo: asubuhi digrii 4, jioni 5. Zahanati ilijaa hadi saa nane. Presha ya Taata, baba yangu, 150 kwa 90. Dawa amemeza. Mkono wa kushoto bado umelala tangu kiharusi. Maneno yanatoka moja moja.

Nimempigia simu kaka yangu Elia mara ya tatu kuhusu enanga. Sitapiga mara ya nne. Naandika alivyosema, nisije baadaye nikajidanganya kwamba alisema kwa upole: "Koku, enanga haishikwi na mwanamke, unajua vizuri. Ukikata hata uzi mmoja nitamwambia nini mzee?"

Nyuzi mbili zimekwishakatika. Nimeziona mwenyewe. Enanga ya Taata, ule ubao mweusi wenye nyuzi nane uliolala mapajani mwake kila jioni ya utoto wangu, sasa umetundikwa sebuleni kwa Elia, Bukoba mjini, kati ya televisheni na kalenda. Elia alifundishwa miaka sita. Hawezi kupiga wimbo hata mmoja. Mimi ninazo nyimbo kumi na moja kichwani. Nilizichukua jikoni, nyuma ya mlango, nikimenya ndizi. Siku moja nilipogusa uzi nilichapwa. Nilikuwa na miaka tisa. Leo nina arobaini na moja.

Nina hasira mpaka taya linauma.

Jumatano, 5 Juni

Jokofu 4, 5.

Mchungaji ametangaza ibada ya shukrani kwa ajili ya Taata, Jumapili tarehe 30. Kumshukuru Mungu kwa kupona. Hajapona. Yuko hai tu. Mwenyekiti wa kamati ni Elia, nani mwingine. Muziki utatoka kwenye flashi.

Nimemfuata mchungaji ofisini. Nimeomba dakika tano nipige wimbo wa Taata, ule wa upepo ulioangusha migomba. Ndio aliokuwa akiupenda. Tangu augue hajausikia, na sijui amebakiza muda gani wa kusikia kitu chochote. Mchungaji amekubali. Akauliza nitapiga kwa chombo gani. Nikasema ninacho.

Sina. Siku ishirini na tano.

Jumamosi, 8 Juni

Bukoba. Nimerudi na gitaa.

Niliandika maswali manne kwenye daftari kabla ya kuondoka kijijini kwetu Ijumbi. Je, linalala mapajani kama enanga? Je, linahitaji vidole vyenye nguvu kukandamiza nyuzi? Je, mchwa wanalila? Je, kuna mtu wa kwetu anayeweza kusema ni lake?

Fundi ni Mzee Salumu, ana kibanda cha redio jirani na soko. Mvi tupu, kofia ya kufuma, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kwenye paji la uso. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Redio au simu?" Nikasema gitaa la kulaza mapajani. Akaweka chini kifaa chake cha kuunganishia waya. "Binti yangu, mara ya mwisho kuulizwa hilo nilikuwa na meno yote."

Anayo mawili, masalia ya bendi iliyokufa zamani. Akaniwekea yote mezani. Nyuzi hazikandamizwi kwa vidole. Unatelezesha juu yake kirungu cha chuma, kinene kama kidole gumba, na chini ya nyuzi kuna mistari iliyopakwa rangi inayoonyesha kila sauti iko wapi. Hilo limenifurahisha. Mstari ni mstari.

La kwanza la mbao. Jepesi, sauti tamu, ya uvuguvugu. La pili lote alumini, limemiminwa kipande kimoja. Zito. Baridi kama mlango wa jokofu. Nikagusa uzi mmoja. Sauti ikasimama, ikakataa kukaa. Nilihesabu hadi kumi na nne ndipo ikaisha.

Mzee Salumu alisema nichukue la mbao. "Hili la alumini lina homa. Likipata joto, sauti inapanda. Likipoa, inashuka. Utakaa nalo kama muuguzi."

Nikamwambia mimi kazi yangu ndiyo hiyo.

Ukweli ni mwingine, na humu naweza kuuandika. La mbao nilipoliweka mapajani niliona enanga. Niliona ukuta wa Elia, na msumari. Sitaki tena kitu ambacho mtu atakuja kuniambia ni cha wanaume. La alumini halina ukoo. Nimelichukua kwa hasira na silijutii. Mzee Salumu amelifunga kwenye kiroba cha mchele pamoja na spika ndogo ya betri.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimelifungua mbele ya mama yangu, Maawe. Akaligeuza, akaligonga kwa kucha.

"Koku, mama, na mfuniko wake uko wapi?"

Amecheka hadi amefuta machozi. Nami nimecheka, mara ya kwanza wiki hii. Taata alikuwa kibarazani. Hakugeuka.

Jumanne, 11 Juni

Jokofu 5, 5.

Mzee Salumu hakutania. Nimetumia kipimajoto changu cha nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi chumbani digrii 17, nikakaza nyuzi zote sita kwa programu ya simu. Sawasawa kabisa. Dakika kumi na tano mapajani, sauti zote zimepanda. Nikalegeza. Nikaliacha dirishani, likapigwa na jua, zikapanda zaidi. Nikaliweka sakafuni, zikashuka.

Kanuni: lisikazwe likiwa baridi. Likae mapajani kwanza robo saa, lichukue joto langu, ndipo nilikaze. Limetulia. Nimeshinda kitu kimoja.

Jumamosi, 15 Juni

Kitu kingine kimenishinda.

Wimbo wa upepo nimeupata wote, mwanzo hadi mwisho. Lakini sauti ya tatu, pale upepo unapofika kwenye shamba, inatoka chachu. Kila mara. Kirungu kiko juu ya mstari. Nimepima kwa rula. Nimepima joto. Nimepima kwa simu. Nimelipeleka kanisani kwa mpiga kinanda wa kwaya. Akabonyeza, nikapiga. Sawa. "Dada, wewe huna kosa," akasema. Kinanda kinasema niko sawa, simu inasema niko sawa, masikio yangu yanasema nimekosea. Nimerudia mara sitini. Niliweka alama za kuhesabia pembeni ya ukurasa huu.

Ni hili bati. La mbao lisingefanya hivi. Nilichagua kwa hasira na sasa hasira imerudi kwangu. Leo nimelichukia gitaa, nimemchukia Elia, na nimemchukia mzee aliyekaa kibarazani akisikia haya yote kwa wiki nzima bila kusema hata neno moja. Maneno anayo. Leo asubuhi ameomba chumvi.

Alhamisi, 20 Juni

Elia amekuja na ratiba ya ibada, imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Alinikuta nafanya mazoezi.

"Leo mnapika nini humo?" alisema kabla hajafika mlangoni. Akalibeba gitaa, akaliinua kama anapima uzito wa mbuzi. "Na hii inaingiza ndizi ngapi?"

Alikuja na marafiki wawili. Walicheka. Nikasema kaka, rudisha chini, unalipoza. Wakacheka zaidi.

Nimesoma ratiba. Jina langu lipo. Liko chini ya "Chakula na Vinywaji". Kwenye muziki wameandika flashi. Flashi ina jina kwenye ratiba, mimi sina.

Nikamuuliza Elia. Akasema kwa ile sauti yake ya kikao, "Mdogo wangu, usituaibishe mbele ya wageni. Mzee mwenyewe angetaka? Muulize." Akageukia kibarazani. "Taata, unataka Koku apige hiyo sufuria kanisani?"

Taata aliangalia kahawa iliyoanikwa uani. Akasema, "Mvua inakuja. Anueni buni."

Hapakuwa na wingu. Nimeanua buni peke yangu. Baadaye nimechukua kalamu nyekundu nikaandika jina langu kwenye ratiba, baada ya somo la pili. Kesho nitaipeleka kwa mchungaji ikiwa hivyohivyo.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemfokea mama yangu.

Nimerudi kutoka zahanati saa kumi. Gitaa liko kwenye kichanja cha vyombo nje, limeinamishwa lichuje maji, kati ya sufuria mbili. Linang'aa mpaka unajiona uso. Maawe amesimama pembeni, mikono imejaa majivu, anatabasamu. Amelisugua kwa stiliwaya na majivu tangu mchana. Mgongo unamuuma. Alitaka Jumapili mtu yeyote asiseme bintiye amekuja mbele ya kanisa na chombo kichafu.

Mistari yote imefutika. Ule mweusi, ile nyeupe, yote. Na mbaya zaidi: chini ya nyuzi kuna sumaku inayonasa sauti. Sumaku imekamata vipande vya stiliwaya, maelfu, vimesimama kama ndevu. Nimeunganisha spika. Inakoroma.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilisema mbele ya jirani. Nilimwambia ni yeye aliyenifungia jikoni na sasa ameleta jikoni hadi huku. Alichukua sufuria zake akaingia ndani.

Sijaomba radhi. Sina nafasi ndani yangu ya radhi. Kila mtu wa nyumba hii ana namna yake ya kunikatalia, na huyu amenikatalia kwa upendo, na hiyo ndiyo siwezi kupigana nayo.

Jumamosi, 29 Juni

Tangu alfajiri nanasua vipande kwa selotepu. Nabandika, nabandua, natazama, nabandika. Vingine vimeingia ndani. Sauti inatoka lakini ina mafua.

Nimechora mistari upya kwa rula na kalamu isiyofutika. Nimepima kutoka ncha hadi ncha, nimekokotoa kila nafasi kwa kikokotoo, nimehakikisha kwa simu. Mistari yangu ni bora kuliko ya kiwandani. Sauti ya tatu bado chachu.

Maawe amepika ebitoke, ndizi zetu, kwa maharage. Ameniwekea sahani mlangoni. Nimekula. Sikusema asante.

Jumapili, 30 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu nilikaa benchi la mbele, gitaa mapajani chini ya kitenge, lichukue joto. Baada ya somo la pili mchungaji aliita jina langu. Nikaunganisha waya kwenye spika za kanisa. Taata alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kwenye kiti chenye mito. Kimya kizuri. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza ulitoka. Una mafua, lakini ulitoka. Nikaona wazee wawili wanatikisa kichwa kwa kuutambua wimbo. Nikafika sauti ya tatu, chachu, nikapita. Ubeti wa pili spika zikaanza kukoroma. Nikaendelea. Kisha sauti ikakatika kabisa. Nikabaki nasugua chuma juu ya chuma mbele ya watu mia tatu, hakuna kinachosikika ila kwaruzo.

Mtu wa nyuma alisema, "Imeiva!" Kanisa likacheka. Si kwa ubaya, najua. Nilisikia hata mchungaji akicheka.

Elia alimpa ishara kijana wa flashi. Muziki ukaanza. Watu wakasimama kuleta matoleo huku wanacheza.

Nikamtazama Taata. Alikuwa anatazama mikono yangu. Hakucheka. Hakusikitika. Alitazama tu, kama mtu anayesoma kipimo.

Niligawa chakula sahani mia mbili na zaidi. Nilikuwa kwenye ratiba.

Jumatatu, 1 Julai

Jokofu 5, 5. Sina la kuandika.

Jumatano, 3 Julai

Jokofu 4, 6. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nimeurekebisha.

Saa kumi na moja nilikwenda kumpima Taata presha. 140 kwa 85. Nilikuwa nafungua kile kitambaa mkononi mwake aliposema, "Leta sufuria."

Nilidhani anataka maji ya kunawa. Nikamletea beseni. Akalisukuma. "Sufuria yako."

Nikamwambia limeharibika, halitoi sauti. Akaendelea kunitazama. Nikalileta. Nikalilaza mapajani bila waya, bila spika. Robo saa nililiacha lipate joto. Nikalikaza. Taata akasogeza kiti kwa mguu mzima, akainama, akalaza upande wa kichwa chake kwenye ncha ya gitaa. Sikio lote limegusa alumini. Mvi zake zilikuwa juu ya goti langu.

Nikapiga. Nje ya chumba asingesikia mtu. Yeye alisikia, nilimwona kwenye nyusi.

Sauti ya tatu. Nikaweka kirungu juu ya mstari. Mkono wake wa kulia ukatoka, ukashika wa kwangu pamoja na kirungu, ukausukuma nyuma. Kidogo. Unene wa ukucha. Katikati ya mstari na mstari, mahali ambapo hapana kitu.

"Hapo."

Nikapiga. Upepo ukafika shambani.

Ilikuwa ni ile. Sauti ya nyuma ya mlango, ya utoto wangu wote. Haiko kwenye kinanda. Haiko kwenye simu. Mimi ndiye niliyeisahihisha kwa rula, siku baada ya siku, na bati nikalitukana bure.

Taata akainua kichwa. Akasema polepole, neno baada ya neno, "Ulijifunza vibaya."

Hapo nililipuka. Sikupiga kelele, lakini nililipuka. Nikamwambia, "Nilijifunzia nyuma ya mlango, Taata. Ndiyo sababu. Ulifunga mlango mwenyewe. Ulinichapa kwa uzi mmoja. Miaka thelathini na miwili. Ukampa Elia, Elia akatundika ukutani, na juzi umekaa ukaangalia watu wananicheka." Nilisema yote. Sikulia. Nilifurahi kwamba sikulia.

Nilingoja aseme samahani. Nilingoja hata aseme mila. Mdomo ulicheza kidogo upande ule mzima. Kisha akalaza tena kichwa kwenye gitaa.

"Rudia."

Ningeweza kusimama. Nilifikiria kusimama, naandika hili kwa sababu ni kweli. Ningelichukua gitaa langu nikaenda, na angebaki pale na kichwa chake.

Nikarudia. Akasukuma tena, mahali pengine. Sehemu nne katika wimbo mmoja. Hakuna hata moja iliyoko kwenye mstari.

Jumamosi, 6 Julai

Elia amepiga simu. Amesikia kwa jirani. Anauliza kama ni kweli mzee ananifundisha. Nikasema ananisahihisha. Akauliza kama naitaka enanga, anaweza kuileta Jumapili ijayo.

Nikamwambia aiache palepale ilipo. Kalenda isibaki peke yake.

Nilicheka baada ya kukata simu. Bado nina hasira naye. Nitakuwa nayo muda mrefu na sioni kwa nini niiharakishe.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna zahanati leo. Chumbani digrii 18.

Nimefuta mistari yangu yote kwa spiriti na pamba. Wino ulikuwa mgumu, umechukua saa nzima. Alumini sasa ni tupu, haina alama hata moja. Mahali pa sauti pako mkononi, na mkono mmoja bado ni wa Taata. Wimbo wa pili tumefika katikati. Leo amenisukuma mara mbili tu. Hajanisifu. Hajaomba radhi. Presha 135 kwa 85.

Maawe nilimwomba radhi Ijumaa, jikoni, nikimenya naye ndizi. Akasema kwa Kihaya kwamba kelele zangu zilimfikia hadi kwenye mifupa, kisha akanikabidhi kisu kikali zaidi.

Jioni baridi ilishuka mapema. Nilipotoka kuchukua kuni na kurudi, nilikuta gitaa kitandani limefunikwa kwa kanga nzuri ya Maawe, pande zote zimechomekwa kama za mtoto mchanga. Nikaingiza mkono chini ya kanga. Bado lilikuwa na joto.